Namba Kubwa Kwenye Boksi: Namna ya Kuchagua Kipanya cha Gemu Bila Kupigwa

Ingia duka lolote la vifaa vya kompyuta, iwe Kariakoo jijini Dar es Salaam au Luthuli Avenue kule Nairobi, uulizie kipanya cha gemu. Utaletewa boksi lenye picha ya joka, taa za rangi zote za upinde wa mvua, na namba moja iliyoandikwa kwa maandishi makubwa kuliko jina la kipanya chenyewe: DPI 7,200, au 12,000, au 26,000. Muuzaji naye atakuelekeza hapo hapo: "Hii ndiyo kali bosi, cheki DPI yake." Na wewe, boom limeingia juzi, unaanza kujiuliza kama uongeze pesa kidogo upate namba kubwa zaidi.

Usiongeze. Kati ya mambo yote yanayokifanya kipanya kiwe kizuri kwa gemu, ile namba kubwa ndiyo inayokusaidia kidogo kuliko zote. Kipanya kizuri kinatakiwa kufanya mambo matatu: kikae vizuri mkononi mwako, kiseme ukweli kuhusu mkono wako ulivyosogea, na taarifa hiyo ifike kwa wakati. Ukielewa fizikia ya mambo hayo matatu, utaweza kukipima kipanya ukiwa dukani kwa kutumia rula na kadi zako za benki, na huenda ukarudi nyumbani na chenji.

Twende taratibu.

Kipanya kinaonaje?

Kipanya cha kwanza kilitengenezwa mwaka 1964 kwenye taasisi ya Stanford Research Institute, California. Wazo lilikuwa la Douglas Engelbart, na aliyekiunda ni mhandisi mwenzake, Bill English. Kilikuwa kiboksi cha mbao chenye magurudumu mawili chini: moja likipima mwendo wa kulia na kushoto, jingine mwendo wa mbele na nyuma. Baadaye vikaja vipanya vyenye mpira mdogo tumboni. Waliojifunza kompyuta miaka ya 2000 wanaukumbuka: ulikuwa unakusanya uchafu, unautoa, unakwangua kwa ukucha, unaurudisha, maisha yanaendelea.

Mwaka 1999 Microsoft walitoa IntelliMouse Explorer, kipanya kilichotumia mwanga badala ya mpira na kikafanya kazi juu ya meza ya kawaida. Tangu hapo kanuni haijabadilika sana, hata kwenye vipanya vya bei mbaya vya leo.

Kigeuze kipanya chako. Utaona shimo dogo, na mara nyingi mwanga mwekundu (kama huuoni, huenda kinatumia mwanga wa infraredi ambao macho yetu hayauoni). Ndani ya shimo hilo kuna kihisi. Wengine wanakiita "sensa", ila tusichanganye na ile ya kuhesabu watu. Kihisi hiki ni kamera ndogo sana. Mwanga unapiga meza kwa upande, kama jua la saa kumi na mbili jioni linavyopiga barabara ya vumbi, na kila kishimo kinatoa kivuli. Kamera inapiga picha za vivuli hivyo, maelfu kwa sekunde, kisha inalinganisha kila picha na iliyotangulia: vivuli vimehama kwenda wapi, na kwa kiasi gani?

Fikiria umekaa kwenye daladala kuukuu yenye tundu sakafuni. Ukichungulia kwenye tundu hilo huoni unakoelekea, unaona tu kokoto zinapita. Lakini kwa kutazama kokoto peke yake unaweza kusema gari linaenda upande gani na kwa kasi gani. Kihisi kinafanya hivyo hivyo. Ndiyo maana vipanya vingi vinachanganyikiwa juu ya kioo: hakuna kokoto za kutazama.

Baada ya kulinganisha picha, kipanya hakiiambii kompyuta "nimesogea sentimita tatu". Kinasema kitu kama "hatua 40 kulia, hatua 12 juu". Shika hilo neno *hatua*, maana DPI yote imejengwa juu yake.

DPI inapima nini hasa?

DPI ni idadi ya hatua ambazo kipanya kinahesabu kinaposogea inchi moja, yaani sentimita 2.54. Basi, ni hilo tu. Kipanya chenye DPI 800 kinahesabu hatua 800 kwa inchi. Kwenye mipangilio ya kawaida, hatua moja inasogeza mshale pikseli moja.

Sasa tupige hesabu. Skrini nyingi zina upana wa pikseli 1,920. Ili kuvusha mshale kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, unahitaji kusogeza kipanya umbali huu:

- Kwa DPI 800: sentimita 6.1
- Kwa DPI 1,600: sentimita 3 na kidogo
- Kwa DPI 26,000: chini ya milimita 2

Rudia mstari wa mwisho. Milimita mbili, na skrini nzima imekwisha. Nyoosha mkono wako mbele sasa hivi utazame ncha za vidole. Zinatetemeka kidogo, hata kama huna njaa wala hofu. Huo ni mtetemo wa asili wa misuli, kama mara 8 hadi 12 kwa sekunde, na kila binadamu anao. Mtetemo ukisogeza kipanya sehemu moja tu ya kumi ya milimita, kwa DPI 800 mshale unahama pikseli 3. Kwa DPI 26,000 unahama pikseli zaidi ya 100. Hapo hulengi tena, unaomba Mungu.

Utasema: sawa, lakini si naweza kuweka DPI kubwa kwenye kipanya halafu nikapunguza wepesi ndani ya gemu, nipate hatua ndogo ndogo zilizo sahihi zaidi? Swali zuri. Kinadharia ni kweli, kivitendo kuna kikomo. Chukua Counter-Strike 2: ukiweka wepesi wa gemu kuwa 1, kila hatua ya kipanya inakugeuza nyuzi 0.022. Kwenye skrini ya pikseli 1,920, pikseli moja iliyo katikati, pale penye msalaba wa kulengea, inachukua takriban nyuzi 0.08. Maana yake, kwa mpangilio huo, hatua moja ya kipanya tayari ni ndogo kuliko pikseli moja. Ukiigawanya vipande ishirini zaidi utakuwa unagawanya kitu ambacho macho yako hayawezi kukiona.

Ndiyo maana wachezaji wengi wa kulipwa wa Counter-Strike na Valorant wanatumia DPI kati ya 400 na 1,600. Wana uwezo wa kununua kipanya chochote, na wengi wao wanashika vipanya vinavyofika makumi ya maelfu. Hawafiki huko kwa sababu hakuna cha kufuata.

Kwa nini basi namba hiyo inatangazwa kwa nguvu namna hiyo? Kwa sababu ni rahisi kuilinganisha na ni rahisi kuikuza. Kihisi kinachoweza kuhesabu kweli hatua 1,600 kinaweza kuzidisha kila hatua kwa nne kabla ya kuituma, boksi likaandikwa 6,400. Ni sawa na kukata mkate vipande vinne halafu ukatangaza kwamba una mikate minne. Hakuna taarifa mpya iliyoongezeka; mshale unaruka tu.

Kinachofaa kutafutwa: kihisi kinachosema ukweli

Badala ya DPI, tafuta majibu ya maswali mawili.

La kwanza: kihisi kinaitwaje? Kipanya cha gemu chenye heshima kitaandika aina ya kihisi chake kwenye boksi au kwenye tovuti. Vihisi vingi vya vipanya vya gemu vinatengenezwa na kampuni moja ya Taiwan, PixArt, halafu vinawekwa ndani ya vipanya vya majina mbalimbali. Kwa hiyo vipanya viwili vyenye bei zilizopishana sana vinaweza kuwa na "jicho" lile lile. Kama muuzaji hajui, na boksi limejaa majoka lakini halitaji kihisi, hiyo nayo ni taarifa.

La pili: kinavumilia kasi gani? Hii inaandikwa kama IPS, yaani inchi kwa sekunde. Ukisogeza mkono haraka kuliko uwezo wa kihisi, picha moja na inayofuata zinakuwa hazifanani kabisa, kihisi kinapoteza njia, na ghafla unajikuta unatazama angani wakati adui yuko mbele yako. Kihisi cha PMW3360, ambacho si kipya, kinavumilia IPS 250. Zidisha kwa sentimita 2.54 upate zaidi ya mita 6 kwa sekunde. Sogeza mkono wako juu ya meza kwa nguvu zako zote uone kama kuna nafasi ya kufika huko kabla hujagonga kikombe cha chai. PAW3395, iliyokuja baadaye, inavumilia IPS 650, zaidi ya mita 16 kwa sekunde. Ni uhandisi mzuri, lakini kwa mkono wa binadamu ile ya kwanza tayari ilikuwa inatosha.

Kuna adui mwingine wa ukweli, na huyu yuko ndani ya kompyuta yako, bure. Kwenye mipangilio ya kipanya ya Windows kuna kisanduku kilichoandikwa "Enhance pointer precision". Jina lake linasikika zuri, ila kazi yake ni kubadilisha umbali wa mshale kulingana na kasi ya mkono: ukisogeza haraka mshale unaenda mbali zaidi, ukisogeza polepole unaenda karibu, hata kama mkono umetembea umbali ule ule. Kwa kazi za ofisini hakina shida. Kwa kulenga kinaleta tabu, kwa sababu ubongo unajifunza uhusiano kati ya umbali wa mkono na umbali wa skrini, na uhusiano huo unapobadilika kila mara, ubongo hauna cha kushika. Ondoa tiki hapo kabla hujalaumu kipanya.

Ukishaondoa, chagua wepesi mmoja ukae nao. Namna nzuri ya kuupima ni kuuliza: nikitaka kujigeuza duara zima ndani ya gemu, mkono unatembea sentimita ngapi? Kwa DPI 800 na wepesi wa 1 kwenye Counter-Strike 2, jibu ni kama sentimita 52. DPI 400 na wepesi wa 2 inatoa jibu lile lile. Hapo unaona kwamba DPI peke yake haisemi kitu. Kinachosikika mkononi ni DPI ikizidishwa na wepesi wa gemu. Unaona pia kwa nini pedi kubwa ya kitambaa inaweza kukusaidia kuliko kipanya kipya: kama meza yako ina nafasi ya sentimita 15 tu, utalazimika kucheza kwa wepesi mkali, mtetemo wako wote ukiwa unaonekana kwenye skrini.

Habari inafika lini?

Namba ya pili inayopigiwa debe ni Hz, yaani mara ngapi kwa sekunde kipanya kinaripoti kwa kompyuta. Kipanya cha kawaida cha USB kinaripoti mara 125, kila baada ya milisekunde 8. Cha gemu kinaripoti mara 1,000, kila milisekunde 1. Vya sasa vinafika 8,000, kila milisekunde 0.125.

Hapa namba ina maana, lakini nayo ina kikomo. Tukio likitokea wakati wowote, kwa wastani litasubiri nusu ya muda kati ya ripoti mbili. Kutoka 125 kwenda 1,000 unaokoa wastani wa milisekunde 3.5. Kutoka 1,000 kwenda 8,000 unaokoa wastani wa chini ya nusu milisekunde, na kompyuta yako inapewa ripoti mara nane zaidi za kushughulikia. Kwenye laptopu ya kawaida gemu linaweza hata kuanza kukwama.

Sasa weka hizo milisekunde kwenye mnyororo mzima. Skrini ya Hz 60 inabadilisha picha kila milisekunde 16.7. Ya Hz 144, kila milisekunde 7. Wewe mwenyewe, kuanzia jicho kuona hadi kidole kubofya, unatumia milisekunde 200 au zaidi. Na kama unacheza kwenye seva iliyo London ukiwa Dar, umbali wa moja kwa moja ni kama kilomita 7,500. Mwanga ndani ya nyaya za faiba unakwenda takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, hivyo kwenda na kurudi ni milisekunde 75 hata kama kebo ingenyooshwa kama uzi, na kebo za baharini hazijanyooka. Kuchelewa kwa mtandao si sawa na kuchelewa kwa kipanya, kwa sababu kichwa cha mhusika wako kinageuka kwenye kompyuta yako bila kuisubiri London. Lakini hesabu inakuonyesha pesa ielekezwe wapi kwanza. Anayetumia skrini ya Hz 60 na kipanya cha Hz 1,000 hana sababu ya kununua Hz 8,000.

Vipi kuhusu waya? Zamani jibu lilikuwa rahisi: waya daima. Leo kipanya kisicho na waya chenye kipokezi chake cha USB kinachotumia masafa ya GHz 2.4 kinaweza kwenda sambamba na cha waya, mradi kipokezi kiwe karibu na kipanya, kisijifiche nyuma ya chuma cha kompyuta. Bluetooth ni habari nyingine: inaripoti mara chache zaidi kwa sekunde, ni nzuri kwa kazi za darasani, si kwa kulenga. Kama bajeti ni ndogo, waya bado ni rafiki: hana betri ya kuisha katikati ya mechi, na pesa ambayo ingeenda kwenye redio inaenda kwenye kihisi na vitufe.

Sehemu isiyoandikwa kwenye boksi: mkono wako

Mwaka 1954 mwanasaikolojia wa Marekani, Paul Fitts, aliwapa watu kalamu ya chuma na vibao viwili, akawataka wagonge kimoja, kisha kingine, haraka wawezavyo. Alibadilisha umbali kati ya vibao na upana wake. Aligundua kanuni ambayo bado inatumika: muda wa kufikia shabaha unategemea uwiano wa umbali na upana. Shabaha ikiwa mbali au nyembamba, muda unaongezeka, na unaongezeka kwa mpangilio unaoweza kutabirika.

Mwaka 1978 Stuart Card, William English (ndiye yule yule Bill wa kipanya cha mbao) na Betty Burr, wakiwa Xerox, walilinganisha kipanya na vifaa vingine vya kuelekezea. Kipanya kilifuata kanuni ya Fitts, na kasi yake ilikaribia ile ya mkono mtupu. Yaani tangu wakati huo kikwazo kikubwa hakikuwa kipanya tena. Kikwazo kilikuwa mkono na ubongo. Kipanya kizuri ni kile kinachouachia mkono ufanye kazi yake bila kuuzuia.

Kwa hiyo umbo ndilo la kwanza. Angalia unavyokishika. Kuna wanaolaza kiganja chote juu ya kipanya. Hao wanahitaji kipanya kirefu chenye mgongo. Kuna wanaokunja vidole kama makucha, kiganja kikigusa nyuma tu. Hao wanahitaji cha wastani. Na kuna wanaoshika kwa ncha za vidole peke yake. Hao wanafurahia kidogo na chepesi. Pima mkono wako kutoka mkunjo wa kifundo hadi ncha ya kidole cha kati. Wachezaji wengi wanaanzia na kipanya chenye urefu wa kama asilimia 60 ya hapo: mkono wa sentimita 19, kipanya cha sentimita 11 na kidogo. Si sheria, ni mahali pa kuanzia. Na kama unatumia mkono wa kushoto, hakikisha umbo halijapindwa kwa ajili ya mkono wa kulia.

Uzito unafuata. Newton alishamaliza: nguvu ni uzito wa kitu ukizidishwa na mchapuko wake. Kipanya cha gramu 120 kinahitaji nguvu mara mbili ya kile cha gramu 60 ili kianze au kisimame kwa ghafla ile ile. Kwa mbofyo mmoja huoni tofauti. Kwa mechi ya saa mbili yenye maelfu ya kuanza na kusimama, kifundo chako kinaona. Vipanya vya gemu vya sasa vingi viko kati ya gramu 50 na 90. Vile vizito vya miaka ya nyuma vilivyokuja na vichuma vya kuongeza uzito vimepitwa.

Chini ya kipanya kuna vijipande laini vya kutelezea. Vizuri vinatengenezwa kwa PTFE, ile ile Teflon ya kikaango kisichoshika ugali. Vikichakaa kipanya kinakwaruza, na wengi hudhani kihisi kimekufa. Vinauzwa peke yake.

Na tuseme jambo moja zito. Ukicheza hadi mkono ukafa ganzi, au vidole vikaanza kuchomachoma kama sindano, hiyo si dalili ya ushujaa. Pumzika, rekebisha urefu wa kiti au wa meza hadi kiwiko na kifundo viwe sambamba, na kama hali inajirudia mwone daktari. Kipanya kinanunulika tena.

Kitufe kinachobofya mara mbili

Ugonjwa unaoua vipanya vingi uko kwenye vitufe. Ndani ya kitufe kuna swichi ndogo yenye ulimi wa chuma. Unapobofya, ulimi unagusa chuma kingine, lakini haugusi na kutulia. Unadundadunda kama sarafu iliyoanguka sakafuni, kwa milisekunde chache. Kipanya kinajua hilo, kwa hiyo kikipokea mguso wa kwanza kinapuuza midundo inayofuata kwa muda mfupi. Ulimi ukichoka au ukishika kutu, unadunda kwa muda mrefu kuliko ule wa kupuuza, na kompyuta inahesabu mbofyo mmoja kama miwili. Unafungua faili moja, linafunguka mara mbili. Unapiga risasi moja, zinatoka mbili.

Swichi zinatangazwa kwa mamilioni ya mibofyo, mara nyingi kati ya milioni 20 na 100. Baadhi ya vipanya vya sasa vina swichi za mwanga: kitufe kinakata mwale badala ya kugusanisha chuma, hivyo hakuna kudunda. Hivyo ni vizuri kama bei inaruhusu. Kama hairuhusu, fundi wa simu mwenye mkono mtulivu anaweza kubadilisha swichi ya kawaida kwa kuchomelea mpya. Usitupe kipanya kwa sababu ya kijichuma kimoja.

Vipimo vya dukani

Mwombe muuzaji kwa upole akuruhusu kukijaribu kwenye kompyuta, ukiwa umeondoa ile tiki ya Windows. Beba rula na kadi nne za ukubwa wa kadi ya benki: ya benki, ya NIDA, ya chuo, zozote.

1. Mkono. Kishike dakika mbili ukiongea na muuzaji. Kidole gumba kifike vitufe vya pembeni bila kuhamisha mshiko. Ukijikuta unakirekebisha kila mara, si chako.

2. Mtikiso. Kitikise karibu na sikio. Kikilia kama njuga, kirudishe.

3. Mstari. Fungua Paint, chora mistari ya mshazari polepole. Mstari ukiwa na meno kama msumeno, kihisi kinatetemeka. Ukinyooka mno kuliko mkono wako unavyoweza, kipanya kinakunyooshea bila ruhusa. Nacho si kizuri kwa kulenga.

4. Umbali. Weka DPI 800, wepesi wa Windows katikati, sogeza kipanya sentimita 4 kwa rula. Mshale unatakiwa uhame kama pikseli 1,260: karibu skrini nzima ya pikseli 1,366, au theluthi mbili ya ile ya 1,920. Ikitofautiana sana, namba ya boksini ni hadithi.

5. Kwenda na kurudi. Hiki ndicho kipimo ninachokipenda. Egemeza kipanya kwenye ukingo wa boksi, uone mshale uko wapi. Kisogeze sentimita 4 kwa kasi sana, kisha kirudishe polepole hadi ukingoni. Mshale ukirudi palepale au jirani kabisa, kihisi kinasema kweli. Ukiwa umehama mbali, kinadanganya kwenye kasi.

6. Kuinua. Weka kadi mbili zilizopandana chini ya mbele ya kipanya na mbili chini ya nyuma, shimo likiwa wazi. Hapo kimeinuka kama milimita 1.5. Kisogeze. Mshale ukitembea bado, utakusumbua kila unapoinua kipanya kukirudisha katikati ya pedi.

7. Kuburuta. Shika faili kwa kitufe cha kushoto ulizungushe skrini nzima. Likidondoka njiani, swichi ni mbovu.

Dakika kumi zinatosha. Muuzaji akikukatalia vyote, omba angalau uhakika wa kurudisha bidhaa ndani ya wiki, kwa maandishi kwenye risiti.

Kama pesa ni kidogo kabisa, anza na yale ya bure: ondoa ile tiki, chagua wepesi mmoja, rekebisha kiti. Ikiongezeka kidogo, nunua pedi kubwa. Ikiongezeka tena, tafuta kipanya cha waya cha Hz 1,000, chepesi, kinachotaja kihisi chake na kinachokaa mkononi mwako. Taa na majoka viwe vya mwisho. Na muuzaji akikuambia "cheki DPI yake", tabasamu, toa rula.